Hergé, mbwa wake Milou, na Kongo aliyoichora bila kuikanyaga

Kuna mbwa mumoja mweupe anayejulikana Kinshasa, Lubumbashi na hata huku kwetu mashariki kuliko mbwa wote wa jirani. Hajawahi kulinda lupango ya mutu, hajawahi kuomba mufupa kwenye mulango wa jikoni. Lakini wachongaji wa mbao Kinshasa wanamuchonga na kumuuza kwa wageni, akisimama kando ya kijana mwenye nywele zilizonyanyuka mbele ya kichwa. Mbwa anaitwa Milou, kijana anaitwa Tintin. Aliyewachora wote wawili alikufa mwaka 1983. Hakufika Kongo hata siku moja, na picha aliyoichora juu ya inchi yetu ingali inachapishwa mupaka leo.

Jina lake la kuzaliwa ni Georges Remi. Alizaliwa tarehe 22 mwezi wa tano mwaka 1907, Etterbeek, ndani ya Bruxelles. Vita ya kwanza ya dunia ilimukuta akiwa mutoto wa shule, muji umejaa askari wa Ujerumani, na yeye anawachora pembeni ya daftari zake. Nyuma ya pale akaingia skauti, na gazeti la skauti njo lilimupa nafasi ya kwanza ya kuonyesha michoro yake. Jina Hergé ni herufi mbili tu: alizigeuza herufi za kwanza za majina yake, R na G, ukizisoma kwa Kifaransa unapata Hergé.

Alipomaliza shule alipata kazi kwenye gazeti la Bruxelles lililoitwa Le Vingtième Siècle. Lilikuwa gazeti la Kikatoliki, na mukubwa wake alikuwa padiri, abe Norbert Wallez, mutu mukali aliyempenda Mussolini wa Italia bila kujificha. Wallez njo alimupa Hergé nyongeza ya watoto ya kila siku ya Alhamisi, Le Petit Vingtième. Tarehe 10 mwezi wa kwanza mwaka 1929, ndani ya nyongeza ile, Tintin alipanda treni kuelekea inchi ya Wasovieti, na Milou pembeni yake.

Hapa tusimame kidogo na mbwa, sababu watu wengi wanamupita haraka.

Milou ni foksi terye, mbwa mudogo mwenye manyoya magumu. Inajulikana kwamba jina lake lilitoka kwa musichana wa kwanza aliyependwa na Hergé, Marie-Louise, ambaye kwa kumubembeleza walimuita Milou. Kumupa mbwa jina la muchumba wa zamani! Huku kwetu ingeleta kesi kwenye baraza la familia. Katika hadithi za kwanza mbwa huyu hakuwa kipambo. Alikuwa anasema. Alikuwa anamujibu bwana wake, analalamika, anamucheka, anajisifu. Na ucheshi wote ulikuwa pale. Tintin hana kosa: hasemi uongo, hanywi pombe, haogopi, haoni njaa. Mutu wa namna hiyo anachosha haraka. Kwa hiyo Hergé alichukua kila udhaifu wa binadamu na kuuweka ndani ya mbwa. Milou njo anaona njaa, Milou njo anaogopa buibui, Milou njo anataka kurudi nyumbani kulala. Kila mutu aliyefuga mbwa anajua vile mbwa anakutazama ukiwa unakula: Hergé aliandika tu maneno ambayo macho yale yanasema.

Kazi ilikuwa ya haraka. Kila juma kurasa mbili, na mara nyingi Hergé alikuwa anamuacha Tintin katika hatari bila yeye mwenyewe kujua atamutoa namna gani juma lijalo. Ni kazi ya gazeti. Kwa gazeti, kitu cha leo kesho kinafungia karanga. Hakuna mutu alifikiri kwamba karatasi zile zitasomwa miaka karibu mia moja nyuma ya pale.

Wasomaji wakapenda. Tintin alipomaliza safari ya Wasovieti mwaka 1930, gazeti likamuvalisha kijana mumoja nguo za Tintin, likamupa mbwa mweupe, likamushusha kwenye kituo cha treni cha Bruxelles. Watu wakajaa kumupokea sawa na mutu wa kweli.

Kisha ikafika zamu ya Kongo. Hergé mwenyewe alitaka kumutuma Tintin Amerika. Wallez akakataa: kwanza Kongo. Ubelgiji wakati ule ulitaka vijana wa kuja kufanya kazi kwenye koloni, na vijana hawakuonyesha hamu sana. Hadithi ya picha ilikuwa njia nzuri ya kuwavuta. Basi kutoka mwezi wa sita mwaka 1930 mupaka mwezi wa sita mwaka 1931, kila Alhamisi, watoto wa Ubelgiji walisoma Tintin au Congo.

Kijana wa miaka 23 achore inchi kubwa namna hii, hajawahi kuiona, achukue wapi? Alienda kwenye jumba la makumbusho la Tervuren, pembeni ya Bruxelles, mahali vitu vilivyobebwa kutoka huku viliwekwa. Mufano wazi ni wa watu-chui. Watu wetu wa Ituri na upande wa Beni wanajua habari ya Anyoto, wale waliovaa ngozi na kucha za chuma na kuua watu usiku. Kule Tervuren kulikuwa sanamu ya mutu-chui anayemuinamia mutu aliyelala, kazi ya Mubelgiji Paul Wissaert. Hergé akaichukua sawa vile ilivyo na kuiingiza ndani ya hadithi. Jambo lililotia watu hofu ya kweli katika vijiji vya huku likawa kichekesho cha watoto wa kule.

Na hadithi yenyewe? Tintin anafika kwa meli. Njiani Milou anapigana na kasuku, anaumwa mukia, anapelekwa kwa daktari wa meli. Vichekesho vya mbwa vinafuatana: anataka kumezwa, anamezwa kweli na nyoka mukubwa, anatolewa muzima. Simba anamushika Tintin, Milou anamukata simba mukia kwa meno. Mutoto yeyote atacheka, na si kosa lake. Tintin anaua wanyama ovyo, paa mumoja nyuma ya mwingine, na kifaru anatobolewa mugongoni na kupasuliwa kwa baruti. Nyuma ya mambo yote kuna majambazi waliotumwa na Al Capone wa Chicago, wanaotaka kushika almasi ya Kongo. Hata gazeti la watoto la mwaka 1931 lilijua watu wa mbali wanatafuta nini huku.

Lakini sikilizeni namna watu wanavyosema mule ndani, kwa maoni yangu shida kubwa iko pale. Wakongomani wote wa hadithi wanasema Kifaransa kilichovunjika, kile ambacho Wazungu walituwekea mudomoni: hakuna vitenzi sawasawa, hakuna sentensi nzima. Mufalme anasema vile, mama anasema vile, mutoto Coco anayemusaidia Tintin anasema vile. Na mbwa je? Milou anasema Kifaransa safi kabisa, chenye sarufi yote. Mahali pamoja gari la Tintin linagongana na treni, treni inaanguka, watu wanaambiwa wainyanyue. Wanasema wamechoka. Tintin anawauliza kama hawaoni haya, na mbwa naye anageuka kuwaita wavivu na kuwaamuru wafanye kazi. Mahali pengine watu wawili wanagombania kofia ya majani, Tintin anaikata katikati na kila mumoja anaenda na kipande chake akifurahi sana. Mwishoni Tintin na Milou wanaondoka, na kijijini kunabaki sanamu zao, watu wanaziinamia. Sanamu ya bwana, na sanamu ya mbwa.

Ni mwaka 1934 njo kitu kilibadilika kwake. Alitaka kumutuma Tintin Uchina, na padiri mumoja aliyekuwa anawasimamia wanafunzi Wachina alimuonya asichore mambo ya ovyo. Wakamujulisha kwa Zhang Chongren, kijana Muchina aliyekuwa anasoma sanaa Bruxelles. Walikuwa wa umri mumoja. Zhang alikuja kwake mara kwa mara, akamufundisha kuandika herufi za Kichina, akamueleza vita ya Wajapani, akamuonyesha kwamba Wachina hawako vile Wazungu wanawachora. Le Lotus bleu iliyotoka pale ni kitabu tofauti kabisa: ukuta wenye maandishi, maandishi yana maana ya kweli, na ndani yake Tintin anamucheka mwenye kuamini uongo juu ya Wachina. Kutoka siku ile Hergé hakuchora tena inchi ya watu bila kutafuta kwanza. Kongo haikupata bahati ya Zhang. Ilichorwa miaka mitatu na nusu mapema.

Vita ya pili ilipofika, Wajerumani wakaingia Ubelgiji mwaka 1940, gazeti lake likafungwa. Hergé akaenda kufanya kazi Le Soir, gazeti kubwa lililokuwa mikononi mwa watu waliowatumikia Wajerumani. Wabelgiji wazalendo waliliita Le Soir lililoibwa. Karatasi ilipokosekana, nyongeza ya watoto ikafutwa, na Tintin akawa anatoka kila siku, kipande kidogo cha picha tatu ao ine hivi. Ndani ya miaka ile alimuzaa kapiteni Haddock, mulevi mwenye matusi mengi. Hapo mbwa alipoteza kazi yake. Haddock alichukua kiu, hofu na malalamiko yote, na Milou akaanza kunyamaza. Ukifungua vitabu vya nyuma utaona: mbwa anabweka zaidi kuliko kusema.

Mwezi wa tisa mwaka 1944 Bruxelles ikakombolewa, na Hergé akakamatwa mara kadhaa, akalala usiku mumoja jela. Hawakumupeleka mbele ya waamuzi, lakini alikatazwa kufanya kazi ya gazeti. Wallez, yeye alihukumiwa kifungo. Aliyemutoa Hergé katika shida alikuwa Raymond Leblanc, mutu aliyepigana na Wajerumani kwa siri. Jina lake safi lilimufunika Hergé. Tarehe 26 mwezi wa tisa mwaka 1946, gazeti jipya likatoka, na jina lake lilikuwa Tintin.

Kutoka hapo maisha ya Hergé yalijaa kurudilia. Nyumba ya vitabu ya Casterman, huko Tournai, ilitaka hadithi za zamani zitoke tena kwa rangi, kila kitabu kurasa 62. Zile za kwanza zilikuwa na kurasa zaidi ya mia, nyeusi na nyeupe. Kwa hiyo alikaa chini, akisaidiwa na wengine kama Edgar P. Jacobs, kuchora upya kazi za ujana wake. Tintin au Congo ilitoka kwa rangi mwaka 1946. Katika ile ya zamani, Tintin anaingia darasani kwenye misioni na kuwafundisha watoto weusi juu ya inchi yao, na inchi yenyewe ni Ubelgiji. Katika ile mupya, somo limekuwa hesabu: mbili na mbili ni ngapi. Ubelgiji ulifutwa pahali pengi, ili kitabu kiuzwe inchi zingine. Lakini Kifaransa kilichovunjika hakikufutwa. Kofia ilibaki, treni ilibaki, sanamu zilibaki.

Hata mbele ya hapo, hadithi ilikuwa imezunguka kwa njia zake. Ureno, mwaka 1939, gazeti la watoto O Papagaio lilianza kuirudisha kwa rangi na kubadilisha jina: ikawa Tim-Tim katika Angola. Kongo yetu ikageuka Angola ndani ya duka la kuchapa, na hakuna kilichoharibika katika hadithi. Jambo lile peke yake linaonyesha kiasi gani cha Kongo kilikuwa ndani.

Uhuru ulipofika mwaka 1960, Casterman ikaanza kusita. Miaka ile ya sitini kitabu kilikuwa kigumu kupata dukani. Na aliyekitoa kwenye aibu si Muzungu. Kuelekea mwaka 1970, gazeti moja la Kinshasa lililoitwa Zaïre (lilikuwa na jina hilo mbele hata ya inchi kulipewa mwaka 1971) lilianza kuchapa tena Tintin au Congo kwa wasomaji wake Wakongomani. Lilieleza kwamba Wazungu wanaogopa bure: Mukongomani akisoma anacheka, sababu anaona vile Muzungu alidhani yeye yuko. Casterman nayo ikakirudisha sokoni.

Je, walikuwa na haki ya kucheka? Wengine huku watasema ndiyo, na kwamba kicheko cha mwenye kuchorwa si sawa na kicheko cha mwenye kuchora. Wengine watasema hapana, sababu mutoto wa Ulaya anayesoma kitabu kile kile hachekei Muzungu. Ninawaelewa wote wawili, lakini ninaona jibu la maana zaidi lilitoka ndani ya gazeti lile lile, kwa kalamu. Miaka michache tu nyuma ya Tintin, Zaïre lilichapa Mata Mata na Pili Pili, hadithi za picha za Mongo Sisé, mwana-inchi. Baadaye Mongo Sisé alipitia mafunzo kwenye studio ya Hergé kule Bruxelles, akachora vitabu vya kijana aitwaye Bingo. Kimoja, cha mwaka 1982, kinaitwa Bingo en Belgique. Safari imegeuzwa: Mukongomani njo anaenda kutazama inchi ya Wabelgiji, na tofauti yake na Hergé ni kwamba yeye alikuwa amefika kweli.

Hergé mwenyewe alikubali kusahihisha pahali pengine. Coke en stock ya mwaka 1958 inaeleza Waafrika Waislamu wanaoenda Maka na kuuzwa utumwani njiani. Alidhani ameandika kitabu cha kuwatetea. Mwaka 1962 gazeti Jeune Afrique likamushambulia, sababu mahujaji wale wanasema tena kile Kifaransa cha kuvunjika. Mwaka 1967 kitabu kilitoka upya, maneno yao yamenyooshwa. Na mwaka 1975 wachapishaji wa Skandinavia walikataa kifaru cha Kongo kupasuliwa kwa baruti. Hergé akachora ukurasa mupya, kifaru anakimbia muzima. Basi ukihesabu, kifaru wa Kongo alipata haki yake ndani ya kitabu kile, na watu wa Kongo bado.

Mwenyewe alikuwa amechoka kwa muda murefu. Mwishoni mwa miaka ya hamsini aliota ndoto mbaya zilizojaa rangi nyeupe tupu, ndoa yake na Germaine Kieckens ikivunjika, akimupenda Fanny Vlamynck aliyekuwa anapaka rangi kwenye studio yake. Kutoka hapo alitoa Tintin au Tibet, isiyo na jambazi wala bunduki ya adui: Tintin anamutafuta tu rafiki yake Muchina kwenye teluji. Katika kitabu hicho Milou anapata mojawapo ya zamu zake nzuri za mwisho. Anabeba barua ya kuomba musaada, bwana wake yuko karibu kufa, na njiani anakutana na mufupa mukubwa. Malaika mudogo mwenye sura ya Milou anamuambia afanye kazi, shetani mudogo mwenye sura ile ile anamuambia ale. Anakula. Kisha aibu inamushika. Ukurasa ule hauhitaji kujua Tibet wala Ubelgiji.

Zhang alipotea Uchina kwa miaka mingi. Mwaka 1981 walionana tena Bruxelles, wazee wawili mbele ya kamera, Hergé tayari mugonjwa. Alikufa tarehe 3 mwezi wa tatu mwaka 1983, umri wa miaka 75. Alikuwa amesema wazi kwamba mutu mwingine asimuendeleze Tintin. Studio ikafungwa. Hadithi aliyoiacha katikati, Tintin et l'Alph-Art, ilitoka mwaka 1986 vile vile ilivyo, michoro ya penseli na maneno, bila mwisho.

Kwa hiyo kila Tintin anayeuzwa leo ni wa kurudilia. Ndiyo maana ugomvi wa Kongo haukufa naye. Mwaka 2007 Bienvenu Mbutu Mondondo, Mukongomani aliyekuwa anaishi Ubelgiji, alipeleka malalamiko mbele ya haki ya Bruxelles, akitaka kitabu kikatazwe, ao kiwekwe angalau onyo ndani. Mwaka 2012 waamuzi walikataa, mara ya kwanza na kwenye rufaa: walisema kitabu ni cha wakati wake, na Hergé hakuwa na nia ya kuchochea chuki. Mwaka 2023 hadithi ya zamani, ile ya mwaka 1931, ilipakwa rangi na kutoka tena, safari hii ikiwa na maelezo mbele kuhusu ukoloni.

Ile sanamu ya mutu-chui iko Tervuren mupaka sasa. Makumbusho yalipofunguliwa upya mwaka 2018, waliiondoa kwenye nafasi yake na kuiweka katika chumba cha chini pamoja na sanamu zingine wasizotaka tena kuonyesha sawa na zamani. Kuhusu Milou, kule Marekani sheria ilimuachilia tarehe 1 mwezi wa kwanza mwaka 2025, yeye na Tintin vile walivyochorwa mwaka 1929: mutu yeyote pale anaweza kuwachora. Ulaya wanangoja mupaka mwaka 2054.